Umri wa Barafu ya Kale Katika Magenge ya Mto Missouri

Hapana shaka umewahi kuona watu wakichimba kisima au shimo la choo. Kwanza hutoka udongo mweusi wenye mizizi ya majani. Wakiendelea kuchimba, hutoka udongo wa rangi nyingine, labda mwekundu. Chini zaidi huenda ukatoka mchanga, au changarawe, au udongo wa mfinyanzi. Ukichungulia ndani ya shimo utaona kwamba udongo umepangika kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Kila mkeka wa namna hiyo huitwa tabaka.

Mto nao huchimba. Maji yake hukata ardhi mwaka hata mwaka, na mahali pengine huacha upande mmoja wa bonde umesimama wima kama ukuta. Ukuta huo huitwa genge. Katika genge la mto unaweza kuona matabaka mengi kwa pamoja bila kushika jembe. Ndiyo sababu wanajiolojia, yaani wataalamu wa elimu ya miamba na ardhi, hupenda sana kutembea kando ya mito.

Katika somo hili tutajifunza jinsi wataalamu walivyoyachunguza magenge ya mto mmoja mkubwa wa Marekani, uitwao Missouri, pamoja na nchi iliyo jirani nao. Walitaka kujua barafu iliyofunika nchi ile zamani ilikuja mara ngapi, na ilikuja lini. Utaona kwamba jibu lao la kwanza liliaminiwa kwa muda wa karibu miaka 70, likaandikwa vitabuni na kufundishwa shuleni, kisha likaonekana kuwa si sahihi.

Tabaka la chini ndilo la zamani

Kwanza fanya jaribio hili. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, utie maji hadi nusu yake. Tia konzi mbili za mchanga, kisha ngoja mpaka maji yatulie. Tia konzi mbili za udongo mwekundu uliopondwa vizuri. Iache chupa mahali pasipotikiswa mpaka kesho yake. Kisha tia polepole konzi mbili za udongo mweusi wa shambani, uiache tena. Vitu vinavyozama na kutulia chini ya maji namna hii huitwa mashapo.

Sasa mwite mwenzako ambaye hakuwapo ulipokuwa ukifanya jaribio. Mwulize ni kitu gani kilichotiwa kwanza. Atakujibu mara moja kwamba ni mchanga, kwa maana tabaka la chini halikuweza kuwekwa baada ya lile lililo juu yake. Lakini mwulize pia, "Kila tabaka lilitiwa saa ngapi?" Hapo hataweza kukujibu. Chupa inaonyesha utaratibu tu: hili lilitangulia, lile likafuata. Haionyeshi saa wala siku. Likumbuke sana jambo hili, maana ndilo lililowasumbua wataalamu wa Missouri.

Barafu itambaayo

Katika nchi yetu kuna barafu juu ya Mlima Kilimanjaro, kwenye kilele cha Kibo. Theluji ikianguka mwaka hata mwaka pasipo kuyeyuka yote, hulundikana na kushindiliwa kwa uzito wake yenyewe mpaka ikawa barafu ngumu. Lundo likiwa nene sana, barafu ya chini hushindwa kuhimili uzito wa ile ya juu, nayo huanza kutambaa polepole kuelekea bondeni. Barafu itambaayo hivyo huitwa barafuto. Barafuto za Kibo ni ndogo, na zinazidi kupungua. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2011 zilipoteza zaidi ya sehemu nane katika kumi za eneo lake.

Hebu fikiri sasa juu ya barafuto isiyokaa juu ya kilele kimoja tu, bali iliyofunika karibu nchi yote ya Kanada pamoja na sehemu ya kaskazini ya Marekani, na unene wake mahali pengine ukafika kilomita 3. Vipindi vya baridi kali vilivyoleta barafu kubwa hivyo huitwa enzi za barafu. Enzi ya mwisho ilifikia ukali wake wote karibu miaka 20,000 iliyopita.

Mto huchagua mzigo wake. Maji yakipungua nguvu, mawe makubwa huachwa kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga, na tope huenda mbali zaidi. Barafuto haichagui. Hubeba jiwe kubwa kama nyumba, na kokoto, na mchanga, na udongo laini kama unga, vyote pamoja. Ikiyeyuka, huviacha vyote pale pale vimechanganyika ovyo. Kwa hiyo mtaalamu akiona katika genge tabaka la udongo mgumu lenye mawe ya kila ukubwa, na mawe hayo yakiwa na mikwaruzo iliyonyooka kwa sababu ya kuburutwa, hujua kwamba barafuto imepita hapo. Sisi tutaliita tabaka la barafuto.

Mara nyingine mawe yenyewe hutaja yalikotoka. Katika jimbo la Nebraska, na katika pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Kansas, watu huokota mawe magumu sana ya rangi ya waridi. Mwamba wa namna hiyo haupatikani huko. Uko kaskazini, mahali yanapopakana majimbo ya South Dakota, Minnesota na Iowa, mamia ya kilomita kutoka mawe hayo yalipo. Barafu ndiyo iliyoyachukua.

Vumbi na makoa ya konokono

Juu ya matabaka ya barafuto, kando ya Missouri, kuna udongo wa namna nyingine kabisa. Una rangi ya manjano-kahawia, ni laini kama unga, wala hauna mawe. Wataalamu huuita loesi. Katika jimbo la Iowa, upande wa mashariki wa mto, udongo huo umefanya vilima virefu. Mahali pengine unene wake unafika mita 60, yaani kama minazi mitatu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Ukikatwa, husimama wima bila kuanguka kwa miaka mingi.

Udongo huu ulitoka wapi? Zamani baadhi ya wataalamu walidhani kwamba uliletwa na maji ya ziwa kubwa au ya mafuriko. Bohumil Shimek, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Iowa, hakukubaliana nao. Yeye alipenda kukusanya konokono, na ndani ya loesi aliokota makoa mengi sana ya konokono wa kale. Aliyatazama kwa makini, akaona kwamba yalikuwa ya konokono wa nchi kavu, wale wanaoishi penye majani na vichaka, na si konokono wa ziwani. Basi maji hayakuhusika. Udongo huo ulikuwa vumbi lililoletwa na upepo.

Leo tunajua jinsi ilivyotokea. Barafuto ilipotambaa ilisaga mawe yakawa unga. Wakati wa joto barafu iliyeyuka, maji yakachukua unga huo na kuutandaza katika bonde pana la Missouri. Wakati wa baridi maji yalipungua, tope likakauka, na upepo wa kutoka magharibi ukalipeperusha na kulitupa kwenye ukingo wa mashariki. Kwa hiyo tabaka nene la loesi ni alama ya barafu, ingawa barafu yenyewe haikufika mahali hapo.

Katikati ya vumbi la kipindi kimoja na vumbi la kipindi kingine huonekana ukanda wa udongo mweusi au mwekundu wenye alama za mizizi. Huo ni udongo wa juu wa zamani uliozikwa. Kabla haujazikwa, majani na miti iliota juu yake. Udongo wa namna hiyo hautengenezwi kwa siku moja. Huhitaji maelfu ya miaka ya hali ya hewa nzuri. Mahali paitwapo Loveland, katika magenge ya Iowa yatazamayo Missouri, pana vumbi la kale, kisha udongo mwekundu uliozikwa, kisha vumbi la enzi ya barafu ya mwisho juu yake. Yaani baridi, kisha joto, kisha baridi tena.

Hesabu ya nne

Kwa kutazama utaratibu huo wa matabaka, wataalamu walianza kuhesabu. Kuanzia miaka ya 1890 walizipa enzi za barafu majina ya majimbo walikoona matabaka yake. Mwaka 1909 Shimek alitoa jina la enzi ya Nebraska kwa tabaka la barafuto alilolidhania kuwa la zamani kuliko yote. Hesabu ikawa nne: Nebraska, kisha Kansas, kisha Illinois, na mwisho Wisconsin. Wanafunzi wengi wa Marekani walijifunza majina hayo manne kwa moyo kama wewe ulivyojifunza majedwali ya kuzidisha.

Tatizo lilikuwa hili. Tabaka la barafuto la mahali pamoja hufanana sana na tabaka la barafuto la mahali pengine. Mtaalamu akisimama mbele ya genge lenye matabaka mawili ya barafuto aliita la chini Nebraska na la juu Kansas. Akienda kilomita 100 mbele, akaona tena matabaka mawili, aliyaita majina yale yale. Lakini alijuaje kwamba la chini huku ndilo la chini kule? Kumbuka chupa yako. Utaratibu aliujua, saa hakuijua.

Ilitakiwa alama moja ambayo ingeonekana katika magenge mengi, nayo iwe imeanguka kila mahali kwa wakati mmoja. Wataalamu walidhani wameipata. Katika majimbo ya Kansas, Nebraska na Iowa kulikuwa na tabaka jembamba la majivu meupe ya volkano, yenye vipande vidogo sana vya kioo. Majivu hayo yaliitwa Pearlette, kwa jina la mahali katika jimbo la Kansas. Volkano ikilipuka, majivu huanguka kwa siku chache tu, hata kama yanaenea nchi nzima. Basi, walisema, palipo na Pearlette pote ni wakati mmoja, na tabaka la barafuto lililo chini yake ni la enzi ya Kansas au kabla yake. Fikira hiyo ilikuwa nzuri, nami siwalaumu. Ilikosa kitu kimoja tu.

Majivu hayakuwa ya siku moja

Karibu na mwaka 1970 wataalamu walianza kuyapima majivu ya Pearlette kwa vyombo bora zaidi. Walipima madini yaliyomo ndani yake, na umri wake. Wakagundua kwamba Pearlette haikuwa majivu ya mlipuko mmoja, bali ya milipuko mitatu mikubwa sana, yote ya mahali paitwapo Yellowstone, ambapo ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka magenge ya Missouri. Hapo ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa njia iliyonyooka. Mlipuko wa kwanza ulitokea karibu miaka 2,100,000 iliyopita, wa pili karibu miaka 1,300,000, na wa tatu karibu miaka 630,000.

Angalia jinsi kosa lilivyokuwa kubwa. Mtu akiokota vipande vitatu vya magazeti visivyo na tarehe, akadhani ni vya gazeti moja, atasimulia habari za ajabu. Wataalamu walikuwa wameviweka pamoja vitu vilivyopitana kwa karibu miaka milioni moja na nusu.

Mtaalamu mmoja aitwaye John Boellstorff alitoboa ardhi kusini-magharibi mwa Iowa kwa mashine, akatoa mchi mrefu wa udongo kutoka chini sana, mahali ambapo mto haujafika kukata. Katika mchi huo aliona majivu yale ya zamani kuliko yote, na chini yake aliona tabaka la barafuto. Mwaka 1978 alitangaza habari hizo. Ikiwa tabaka la barafuto liko chini ya majivu yenye umri wa miaka 2,100,000, basi barafu ilikuja kabla ya hapo. Tena, juu ya majivu kulikuwa na matabaka mengine ya barafuto. Ilionekana wazi kwamba majina ya Nebraska na Kansas yalikuwa yamebandikwa kwenye matabaka ya nyakati mbalimbali, huku hili na kule lile. Majina hayo mawili yakaachwa. Illinois na Wisconsin yamebaki, na yote yaliyotangulia huitwa tu "kabla ya Illinois". Barafu haikuja mara nne. Ilikuja mara nyingi zaidi.

Saa iliyomo ndani ya majivu

Labda unajiuliza majivu yanawezaje kutaja umri wake. Fikiri juu ya mtungi unaovuja tone moja moja, na chini yake umeweka kata. Ukijua matone mangapi huanguka kwa saa moja, unaweza kuyapima maji yaliyo katika kata ukasema kata iliwekwa lini. Ndani ya madini mengi ya volkano kuna kitu kiitwacho potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo argoni, kwa mwendo usiobadilika. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka ndani ya volkano, gesi hiyo hutoroka. Kata ni tupu. Volkano ikilipuka na madini yakapoa, gesi huanza kufungiwa humo. Mtaalamu hupima potasiamu iliyopo na argoni iliyokusanyika, kisha hufanya hesabu.

Njia hii ilipata sifa kubwa kwa sababu ya nchi yetu. Mwaka 1959 Mary Leakey alivumbua fuvu la kale katika Bonde la Olduvai, nalo lilikuwa katikati ya matabaka yenye majivu ya volkano. Mwaka 1961 umri wa majivu hayo ulitangazwa kuwa karibu miaka 1,750,000. Watu wengi duniani walishangaa, maana hawakutazamia miaka mingi hivyo.

Olduvai imesaidia pia kwa njia nyingine. Unajua kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini. Zamani za kale haikuwa hivyo sikuzote. Kulikuwa na vipindi ambavyo dira ingeelekea kusini, na kipindi cha mwisho cha namna hiyo kilikwisha karibu miaka 780,000 iliyopita. Chembe ndogo za chuma zilizomo katika mwamba au udongo hushika mwelekeo wa wakati ule na kuuhifadhi. Miamba ya volkano ya Olduvai ilipopimwa mwaka 1963 ilionyesha kipindi kifupi ambacho dira ilielekea kaskazini, katikati ya kipindi kirefu cha kuelekea kusini. Kipindi hicho kifupi huitwa Olduvai na wataalamu wa dunia nzima. Nao wataalamu wa Iowa, Nebraska na Missouri, wakipima tabaka la barafuto na kukuta chembe zake zinaelekea kusini, hujua mara moja kwamba tabaka hilo lina zaidi ya miaka 780,000, hata kama hapana majivu karibu.

Si kila tabaka hupimwa kwa njia moja. Kwa vumbi la juu hutumika vipande vya mti au makaa yaliyozikwa humo, kwa kupima kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 hivi hubaki kidogo mno, saa hiyo ikawa haifai tena. Vumbi la kale la Loveland limepita kiasi hicho. Kwa hilo hupimwa chembe za mchanga, ambazo huweka akiba ya nguvu zikiwa gizani na kuitoa kama mwanga hafifu zikipashwa moto au zikimulikwa. Vipimo vimeonyesha kwamba vumbi hilo lilitupwa na upepo zaidi ya miaka 130,000 iliyopita. Nalo tabaka moja la barafuto katika jimbo la Missouri, ambalo liko chini sana, limepimwa kwa njia nyingine mpya na kuonekana kuwa na miaka karibu 2,400,000.

Maswali

1. Katika jaribio la chupa, ni jambo gani ambalo mwenzako aliweza kulijua kwa kutazama tu, na ni lipi hakuweza?
2. Eleza tofauti iliyopo kati ya mzigo ulioachwa na mto na mzigo ulioachwa na barafuto.
3. Kwa nini makoa ya konokono wa nchi kavu yalionyesha kwamba loesi haikuletwa na maji ya ziwa?
4. Katika genge fulani, tabaka la barafuto liko juu ya majivu ya miaka 2,100,000 na chini ya majivu ya miaka 630,000. Unaweza kusema nini juu ya umri wa tabaka hilo? Ni jambo gani ambalo bado huwezi kulisema?
5. Nenda na wenzako pamoja na mwalimu wenu mahali penye korongo, shimo la mchanga au kingo za mto. Msikaribie ukingo ulio wima, wala msisimame chini yake. Choreni picha ya matabaka mnayoyaona, mkionyesha rangi na unene wa kila tabaka. Je, kuna tabaka lolote ambalo mnaweza kutaja mwaka lilipowekwa? Mmejuaje?